Mtoto Azaliwapo Nyumbani: Habari za Wazazi wa Uluguru, Zamani na Sasa

Kila mwaka mpya uingiapo, sisi walimu huketi mezani na daftari kubwa, na wazazi huja na watoto wao waandikwe shule. Daftari lina safu za kujazwa, na safu moja yauliza jina la baba. Hapa Mikese, na katika vijiji vya kuelekea milimani Uluguru, swali hilo dogo limetufundisha mambo mengi. Wako akina mama wajibuo upesi. Wako na wengine wanyamazao kidogo, kisha wakataja jina la kaka yao, yaani mjomba wa mtoto, kwa kuwa yeye ndiye atakayenunua sare na madaftari. Mtu atokaye mbali aweza kudhani kuwa mama huyo ana jambo la kuficha. Amekosa. Baba wa mtoto yupo, na pengine angoja nje chini ya mwembe. Ila mama amejibu kwa hesabu ya kale ya nchi yake, na daftari limeuliza kwa hesabu nyingine.

Basi, ndugu wasomaji, katika maneno yetu haya twataka kuzieleza hesabu hizo mbili, na kuonyesha jinsi mtoto wa kwanza alivyogeuza maisha ya mume na mke katika nchi yetu tangu zamani hata leo. Tena twataka kuuliza swali moja ambalo vijana wengi waliooana karibuni hutuuliza kwa siri: Je, ni kitu gani kimfanyacho mwanamume kuwa baba?

Kwanza na tukumbuke mambo ya kale. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ndivyo walivyohesabu pia jirani zao Wakami, Wakutu, Wakwere, Wazaramo na Wakaguru. Mtoto akizaliwa, huingia katika ukoo wa mama yake, na shamba la ukoo alilimalo ni la watu wa upande huo. Kwa baba alipata jina la mtala, ili watu wajue ametoka ubavuni mwa nani. Lakini jina la mtala halikumpa ardhi ya ukoo wa baba. Ikiwa mtu alilima katika ardhi ya ukoo usio wake, yampasa kuwapa wenyewe kitu kidogo cha kukiri kuwa ardhi ni yao, na kitu hicho kiliitwa ngoto. Na mwenye neno juu ya mtoto, katika kuozwa kwake, katika mashauri yake na katika urithi wake, alikuwa mjomba.

Kijana aliyeoa, mara nyingi aliondoka kwao akaenda kukaa kijijini kwa mkewe. Huko alilima, akajenga, akakata miti, na wakwe zake wakamtazama. Mithali yetu yasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mume huyu alikuwa mgeni aliyepewa jembe tangu siku ya kwanza. Mbele ya mama mkwe wake alikuwa na haya, na katika mashauri ya ukoo ule hakuwa na kiti. Kama hakupendeza, au kama mkewe alimchoka, aliweza kurudi kwao na jembe lake begani, na nyumba ikabaki ya mwanamke.

Kisha mtoto alizaliwa, na hapo mambo yaligeuka. Twajua kuwa watu wengi husema harusi ndiyo iwafanyayo wawili kuwa nyumba moja. Lakini kwa wazee wetu, harusi ilifungua mlango tu. Aliyemkalisha mume ndani alikuwa mtoto. Tangu siku hiyo mume na mke hawakuitwa tena kwa majina yao ya ujana, bali waliitwa Baba Fulani na Mama Fulani. Yafaa tulifikiri jambo hili, maana tumelizoea hata hatulioni. Mtu mzima, mwenye jina lake alilopewa na wazazi wake, aliliweka kando akajulikana kwa jina la kitoto kisichojua hata kusema. Na mume ambaye jana alikuwa mkwe tu, mtu wa nje, leo ni baba wa mtoto wa ukoo. Ukoo ule hauwezi tena kumsahau, kwa sababu kila wamwitapo mtoto wao wataja na mtala wake.

Lakini furaha hiyo ilikuja na mzigo wake. Mwanamume huyu alikuwa na nyumba mbili za kutazama. Kwa mkewe alikuwa baba. Kwa dada yake alikuwa mjomba. Kwa mkewe alikuwa na watoto awapendao ambao si wa ukoo wake. Kwa dada yake alikuwa na watoto wa ukoo wake ambao pengine hawakulala chini ya dari lake hata usiku mmoja. Kabla hajazaa, jasho lake lilikwenda kwao bila shida. Alipokwisha kuzaa, kila kikapu cha mpunga kilimuuliza, Waenda wapi? Na mkewe naye alikuwa katika mizani hiyo hiyo, maana kaka yake alikuwa na neno juu ya watoto wake, na mumewe alikuwa na usiku na mchana wa kuwalea. Mama ndiye aliyekaa katikati ya wanaume hao wawili, akiulinda upendo wa mmoja bila kuivunja heshima ya mwingine. Wanawake walioweza kufanya hivyo kwa miaka mingi bila ugomvi wastahili sifa kuliko wapewavyo.

Liko jambo jingine lililogeuka kati ya mume na mke, nalo twalisema kwa adabu. Katika nchi zetu za pwani na Morogoro watu wameamini tangu kale kwamba wazazi wakikutana kabla mtoto hajaacha ziwa, au baba akitembea nje ya nyumba, mtoto hudhoofika, tumbo likavimba, miguu ikalegea. Mtoto huyo husemwa amebemendwa. Kwa imani hiyo mume na mke walijitenga siku nyingi, na mama mzazi wa mwanamke, pamoja na wazee wa kike, walikaa karibu ili kumsaidia na tena ili kuwalinda. Kwa hiyo baba kijana alijiona amesukumwa kando katika nyumba yake mwenyewe. Wengine walivumilia. Wengine walianza hapo njia mbaya ya kutafuta faraja mahali pengine.

Twaweza kusema nini juu ya imani hii? Elimu ya utabibu imeonyesha kuwa mtoto hadhoofiki kwa sababu ya wazazi wake kukutana. Hudhoofika kwa kukosa chakula kifaacho na kwa magonjwa. Hata hivyo wazee hawakuwa wajinga wa kutazama. Mwaka 1933 daktari mwanamke, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana, aliandika habari za ugonjwa wa watoto wenye dalili kama hizo, na mwaka 1935 akautangaza kwa jina la wenyeji, kwashiorkor. Ni neno la watu wa kabila la Ga, na maana yake ni ugonjwa umpatao mtoto wakati mdogo wake azaliwapo. Tazameni basi: watu wa Ga huko magharibi na watu wetu huku mashariki, wasiojuana kabisa, waliona jambo moja. Waliona kuwa mtoto aachishwapo ziwa upesi kwa sababu ya mimba mpya, akapewa uji mtupu, huharibika. Walikosea katika kutaja sababu, lakini hawakukosea katika kuona hatari.

Kwa hiyo twasema, lililo jema katika desturi ile lishikwe, na lililo baya liachwe. Lililo jema ni kuachanisha uzazi na kumnyonyesha mtoto kwa muda wa kutosha. Shirika la Afya Duniani nalo lashauri mtoto apewe ziwa tupu miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula hata miaka 2 na zaidi. Lililo baya ni aibu. Mama amwonapo mwanawe amekonda, huogopa kumpeleka zahanati, asije akaambiwa kuwa yeye na mumewe wamembemenda. Akina mama wa jirani hunong'ona, mume hulaumiwa, mke hulaumiwa, na wakati wote huo mtoto ana njaa au homa. Twawasihi wazazi: mtoto akidhoofika, msitafute mkosaji, tafuteni tiba.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa hesabu ya kwanza, hesabu ya ukoo. Hesabu ya pili ilikuja kwa njia ya pwani. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walitoka Unguja wakafungua misioni Bagamoyo. Huko waliwapokea watoto waliokombolewa utumwani, wakawalea, wakawafundisha kazi na dini, na walipokua wakawaozesha na kuwapa nyumba na shamba katika kijiji cha Wakristo. Mwaka 1877 misioni ya Mhonda ilifunguliwa katika milima ya Unguru, na watu wa ndoa kutoka Bagamoyo walikuwa miongoni mwa walioijenga. Mwaka 1897 ilifunguliwa Matombo, katika Uluguru yenyewe.

Sasa fikirini hali ya wale waliooana Bagamoyo. Mume alinyang'anywa kwao akiwa mtoto, na mke vivyo hivyo. Siku walipopata mtoto wao wa kwanza, hapakuwa na bibi wa kumwosha mtoto, wala mjomba wa kumtambua, wala shangazi wa kuleta kuku. Mkono mmoja haulei mwana, husema mithali. Na wao walikuwa mikono miwili tu. Ndipo wasimamizi wa ubatizo, majirani wa kijiji, na masista wakawa ndugu zao. Katika daftari la ubatizo yaliandikwa majina ya baba na mama, na jina la msimamizi. Safu za daftari lile la ubatizo ndizo zilizotangulia safu za madaftari yetu ya shule. Kwa watu walionyimwa ukoo, daftari lile lilikuwa neema kubwa, maana lilisema mbele ya watu wote kwamba mtoto huyu ana baba na mama, wala si mali ya mtu.

Lakini daftari hilo hilo lilipopanda milimani kwa watu wenye koo zao, lilileta swali jipya. Mapadre walifundisha kuwa mume na mke ni kitu kimoja, na kwamba baba ataulizwa na Mungu habari za watoto wake. Mkristo wa Kiluguru alisikia neno hilo kanisani, kisha akarudi nyumbani akamkuta shemeji yake ameketi barazani, naye ndiye mwenye neno juu ya watoto. Wala si kwamba mmoja alikuwa mwema na mwingine mbaya. Wote wawili walimtaka mtoto mema.

Baada ya dini ikaja reli. Wadachi walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1907 gari la moshi lilifika Morogoro, likipita hapa Mikese. Pamoja na reli yalikuja mashamba ya mkonge. Kodi ya nyumba ilikwisha kuanza tangu mwaka 1898, na mtu alihitaji fedha. Basi vijana waliteremka milimani wakaandikwa kazi, na wengine walitoka mbali, Wanyamwezi, Wangoni, Wamakonde na wengineo. Mshahara ulihesabiwa kwa kipande cha siku 30 za kazi. Fedha ile haikuwa kama mpunga. Mpunga ulilimwa katika shamba la ukoo, na kila mtu aliuona. Fedha ilikaa mfukoni mwa baba, naye aliweza kusema, hii ni jasho langu, nitamnunulia mwanangu nguo. Hapo ndipo baba wengi walipoanza kujiona baba kwa namna mpya, na wajomba wengi walipoanza kunung'unika.

Tena katika makambi ya mkonge watu wa hesabu mbalimbali walioana. Mngoni, ambaye kwao mtoto ni wa baba, alipooa Mluguru, ambaye kwao mtoto ni wa mama, mtoto alivutwa na pande mbili. Na Mluguru alipomwoa mwanamke wa Kingoni, ilikuwa vigumu zaidi: kwa baba walisema, huyu ni wa kwa mama yake, na kwa mama walisema, huyu ni wa kwa baba yake. Mtoto wa namna hii hakuwa na mtu wa kumtegemea ila wazazi wake wawili, kama wale wa Bagamoyo.

Wala tusidharau nguvu ya hesabu ya kale. Vita Vikuu vya kwanza vilipofika, Waingereza waliingia Morogoro mwezi wa Agosti 1916. Mikese ikawa mahali pa kushushia vyakula na risasi za kupelekwa kusini kwa njia ya Duthumi mpaka mto Rufiji, na wanaume walitwaliwa kuwa wapagazi. Katika vita vile wapagazi makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, homa na kuhara. Wakati huo wa giza, mtoto wa Mluguru ambaye baba yake hakurudi alikuwa bado na shamba, na nyumba, na watu, maana shamba lilikuwa la kwa mama yake. Mama yake hakufukuzwa na ndugu wa marehemu, kwa sababu alikuwa kwao. Huo ndio wema wa desturi yetu: ilijua kuwa baba aweza kufa au kutoroka, ikamwekea mtoto ukuta nyuma yake.

Ubaya wake nao tuuseme. Baba aliyepanda michungwa na minazi pamoja na watoto wake kwa miaka 20, na kujenga nyumba ya bati kwa fedha zake, alipokufa, wapwa zake waliweza kuja kudai, na watoto waliomwagilia miti ile wakatazama tu. Ugomvi wa namna hiyo umetenga ndugu wengi. Serikali huru imejaribu kuutengeneza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimpasa baba kuwatunza watoto wake, wakiwa kwake au wakiwa kwa mtu mwingine, na katika kuamua mtoto akae na nani iliweka mbele faida ya mtoto mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliwawezesha mume na mke kuwa na hati ya kimila pamoja. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilieleza wajibu wa wazazi wote wawili. Hivi hesabu ya daftari imeandikwa katika sheria za nchi.

Lakini sheria haibebi mtoto usiku. Leo vijana wetu huoana, wakapanga chumba Morogoro au Dar es Salaam, na mtoto huzaliwa mbali na bibi na mbali na mjomba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama aliyeajiriwa likizo ya siku 84, au siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja, na baba ilimpa siku 3. Baada ya siku hizo 3 mama hubaki peke yake na mtoto aliaye, na baba hurudi jioni amechoka. Mke husema, wewe huoni kazi yangu. Mume husema, wewe hunioni mimi. Wawili waliopendana sana wakati wa uchumba hushangaa kujikuta wamekuwa kama wapangaji wa chumba kimoja. Hudhani upendo umekwisha. Haukwisha. Ila kazi iliyofanywa zamani na watu kumi imewekwa juu ya watu wawili, nao hawakuambiwa.

Kwa wazazi vijana wa namna hii, kuna mambo ambayo yangefaa. Mama mzazi na aitwe mapema, kabla ya kujifungua, wala baba asione haya kukaa na mkwe wake chumbani. Baba ajue kumwosha mtoto na kumpikia mkewe uji. Aibu ya kazi hiyo hukoma siku ya pili. Mjomba aheshimiwe, aambiwe habari za mtoto, wala asitafutwe siku ya shida tu. Na lile shauri la miti na nyumba lisemwe wazi na liandikwe mapema mbele ya wazee wa pande zote mbili, wakati baba angali hai na mwenye akili timamu.

Sasa turudi kwenye swali letu: Ni kitu gani kimfanyacho mwanamume kuwa baba? Kama ni ukoo, basi mababu zetu wa Uluguru hawakuwa baba, maana watoto wao hawakuwa wa ukoo wao. Kama ni mali, wengi hawakuwa na mali ya kuwarithisha. Lakini twajua walikuwa baba. Walilima katika ardhi isiyo yao, kwa ajili ya watoto ambao wangeitwa wa watu wengine, nao walifanya hivyo miaka yote ya maisha yao. Sisi Wakristo hatuna haja ya kushangaa jambo hilo, kwa maana tunaye Yosefu Mtakatifu. Hakumzaa Mtoto aliyemlea, wala hakumhesabu kuwa mali yake. Alifanya kazi ya mikono, akaamka usiku, akawachukua Mtoto na mama yake mpaka Misri. Papa Pius IX alimtangaza kuwa msimamizi wa Kanisa lote mwaka 1870, wakati misioni ya Bagamoyo ilikuwa na miaka 2 tu. Na Papa Francis aliweka mwaka wa kumkumbuka, tangu Desemba 2020 mpaka Desemba 2021.

Basi mwaka ujao, daftari litakapofunguliwa tena, na tukauliza jina la baba, tutamwita na yule aliye chini ya mwembe aje mezani. Jina la mjomba nalo tutaliandika pembeni, maana mtoto ana haja nao wote wawili. Na ninyi akina baba mliopata mtoto mwaka huu, msingoje kuitwa. Ingieni ndani.